Nilifuta Video Yangu ya Moroko, na Sababu Ni Hii

Wadau, wengi mmeniuliza ile video ya farasi ilienda wapi. Niliifuta mwenyewe. Hakuna mtu aliyeniripoti na hakuna aliyenitisha. Wacha niwaeleze pole pole, kwa sababu kuna kitu sisi watengenezaji wa kontenti tunakosea, na wa kwanza kukosea ni mimi.

Aprili mwaka jana kampuni moja ya safari ilinilipia tiketi na gharama zote ili niwatengenezee video. Siku nne juu ya farasi katika milima ya Atlas, kusini mwa Marrakesh. Kumbukeni mimi mnyama pekee niliyekuwa nimewahi kupanda ni ngamia wa ufuoni Mombasa, dakika tano na picha juu. Tulianzia karibu na Ouirgane, tukapanda bonde la Azzaden, tukamalizia Imlil, kile kimji kilicho chini ya mlima Toubkal wenye mita 4,167. Jioni ya kwanza nilishuka kwa tandiko nikitembea kama mtu aliyekalia pipa siku nzima.

Lakini maze, ile njia! Chini kuna mto, kando yake vishamba vidogo vya ngazi vinavyonyweshwa kwa mifereji iliyochimbwa kwa mikono. Miti ya jozi na ya matofaa. Ukiinua macho unaona theluji. Mahali penye mteremko mkali unashuka, unamwongoza farasi kwa hatamu, kwa sababu hata yeye anaogopa mawe yanayoteleza. Mizigo yetu ilibebwa na nyumbu. Si nyumbu wale wa Mara wanaovuka mto na mamba wakiwangoja, la. Hawa baba ni punda na mama ni farasi. Mwenye nyumbu alikuwa mzee wa makamo, mpole, anatembea kwa miguu siku nzima na bado anakupita.

Vijijini tulikaribishwa chai ya mnanaa yenye sukari ya kutosha, na mkate wa moto. Nilifurahi kusikia wakisema "aman, aman", nikadhani wananitakia amani. Kumbe kwa lugha yao aman ni maji. Walikuwa wananiuliza kama nina kiu.

Niliporudi Nairobi nilikata video ya dakika mbili. Nyumba za udongo, mama anapika mkate, nyumbu anapita kichochoroni, watoto wanacheka. Juu yake nikaandika: Kijiji ambacho muda ulisimama. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Kampuni ikafurahi. Mimi pia, si nitawadanganya.

Wiki moja baadaye mwongozaji wetu akanitumia ujumbe kwenye WhatsApp. Alikuwa amemwonyesha video mwenye nyumbu, akamtafsiria maneno yangu. Mzee akaomba jibu lake linifikie: "Mwambie hapa kwetu muda ulisimama mara moja tu, saa tano na dakika kumi na moja usiku. Halafu tukaanza kuchimba."

Hiyo ndiyo dakika ya lile tetemeko la tarehe 8 Septemba 2023. Ukubwa wake ulikuwa 6.8, na kitovu chake kilikuwa kwenye milima hiyo hiyo niliyokuwa nikipita na farasi. Karibu watu 3,000 walikufa. Ilikuwa usiku, wengi wako ndani, na nyumba za udongo na mawe zikiporomoka huwa haziachi nafasi ya mtu kupumua. Barabara zikazibwa na miamba. Na unajua ni nini kilichopeleka mablanketi na chakula mahali ambapo gari lilishindwa kufika? Punda na nyumbu. Yule mnyama niliyemfanya pambo la zamani ndiye aliyekuwa usafiri wa dharura.

Sasa sikizeni sehemu inayoniuma. Siku ya pili ya safari nilitaka kumpiga picha yule mzee na nyumbu wake. Nyuma yake kulikuwa na kontena la bluu, lile la chuma, na hema kando. Liliharibu picha. Nikamwomba asogee kushoto kidogo. Alisogea, hakusema kitu. Baadaye ndiyo mwongozaji akaniambia: lile kontena ndilo nyumbani kwake tangu nyumba yake ianguke.

Yaani nilimwambia mtu atoke mbele ya nyumba yake ili nionyeshe dunia jinsi anavyoishi.

Sisi Wakenya tungekuwa wa kwanza kupiga kelele. Mgeni akija Kibera na kamera, akapiga picha mtoto asiye na viatu na kuacha nje duka la simu lililo mita tatu kutoka hapo, tunamkaanga mtandaoni siku tatu. Akienda Narok, akamwambia Mmaasai afiche simu na saa ya mkononi ndiyo picha ionekane "halisi", tunasema huyu ametukosea heshima. Halafu sisi tukipata tiketi ya ndege mara moja tu, tunafanya yale yale, na Kiswahili juu.

Hata jina nililotumia lilikuwa la kuokota. Niliandika "Waberber" kila mahali. Jina hilo wamepewa na watu wa nje, na lina undugu na neno la Wagiriki wa kale la kumwita mtu ambaye lugha yake huielewi, mtu wa nje. Fikiria vile watu wa pwani zamani walivyowaita watu wa bara washenzi. Wenyewe wanajiita Imazighen, mmoja akiwa Amazigh, na wengi wao hulifafanua kama watu huru. Lugha yao ni lugha rasmi ya Moroko tangu katiba ya 2011, na tangu 2024 mwaka wao mpya ni sikukuu ya taifa kila tarehe 14 Januari. Kwa kibao cha shule niliona herufi zao, Tifinagh, nikazipiga picha nikidhani ni mapambo. Huo ni muda unaotembea, watu wangu. Watu wamepigania hivyo vitu.

Na mimi nilipaswa kujua zaidi ya wengi, kwa sababu najua neno moja linavyoweza kukumaliza. Nimeacha chuo mwaka wa pili, mnajua. Mtu akisikia hivyo basi ameshanijua wote. Hajui deni la karo, hajui mathe alikuwa anauza nini ili nikae pale mwaka mmoja na nusu. Nachukia sana kufanywa neno moja. Na bado niliwafanya watu wa bonde zima kuwa maneno manne.

Kuna watakaosema: buda, si utalii unawaletea pesa? Ndiyo, unaleta. Baada ya tetemeko waongozaji wengi kule walikuwa wanawaomba wageni warudi, kwa sababu bila wageni nyumbu hana kazi na mwenyewe hana pesa ya saruji. Sisemi msiende. Nendeni, mkipata nafasi, na mlipe vizuri anayetembea kwa miguu wakati nyinyi mmeketi. Ninachosema ni kwamba pesa haikununulii ruhusa ya kumsogeza mtu kushoto.

Kwa hivyo kuanzia sasa, kabla sijaweka video ya mtu, anaiona yeye kwanza, na maneno anatafsiriwa. Akikataa, haiendi. Mtu wa kampuni akitaka niandike "halisi" au "haijaguswa", atafute mwingine. Najua hiyo itanigharimu kazi. Imeshanigharimu moja.

Mzee nilimwomba msamaha kupitia mwongozaji. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akanitumia picha ya nyumba yake mpya, kuta zimefika usawa wa madirisha, nguzo zina vyuma. Akasema nisiiweke popote mpaka iwe na paa.

Nangoja.