Miungano ya Shaba na hesabu za kura Gilgil

UCHAGUZI Mkuu wa Agosti 2027 unapokaribia, wapiga kura wa Gilgil wataanza tena kusikia majina ya miungano mipya yakitangazwa katika majukwaa ya kisiasa kandokando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru. Wanasiasa watashikana mikono mbele ya kamera, na wataapa kwamba safari hii hakuna atakayemsaliti mwenzake.

Mpiga kura anayetaka kuelewa jinsi viapo vya aina hiyo hufungwa na kuvunjwa ana vitabu vingi vya siasa vya kusoma. Lakini ipo pia kanda moja ya televisheni ambayo ingemsaidia zaidi, nayo ilirekodiwa hapa hapa nchini katika Hifadhi ya Kitaifa ya Shaba, Kaunti ya Isiolo.

Hiyo ni awamu ya tatu ya shindano la Kimarekani la Survivor, iliyoitwa Survivor: Africa. Ilirekodiwa kati ya Julai na Agosti 2001, ikapeperushwa Marekani kuanzia Oktoba mwaka huo hadi Januari 2002. Washiriki 16, wote Wamarekani, waliachwa nyikani kwa siku 39 wakiwania tuzo ya dola milioni 1. Walijijengea boma la miiba, wakalinda zamu usiku kwa kuhofia simba, na walipata chakula na maji kwa shida.

Kanuni zenyewe ni nyepesi. Washiriki hugawanywa katika kambi mbili. Kambi inayoshindwa katika mchezo wa kuwania kinga hukutana usiku barazani na kupiga kura ya kumwondoa mmoja wao. Wanapopungua, kambi huunganishwa na kila mtu akajipigania. Wawili wakisalia, waliotimuliwa mwishoni, safari hii wakiwa 7, hurudi wakiwa jopo la waamuzi na kuchagua ni nani kati ya hao wawili atakayepewa fedha.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo roho ya mchezo, nasi tutairejelea.

Kwanza, neno kuhusu majina. Waandalizi waliziita kambi hizo "makabila", wakazipa majina ya Boran na Samburu. Kwa mtazamaji wa Chicago hayo yalikuwa majina ya kuvutia tu. Kwa Mkenya, ni majina ya jamii mbili zinazoishi jirani na hifadhi hiyo na ambazo kwa miaka mingi zimezozania malisho na maji. Kambi zilipounganishwa, zikaitwa Moto Maji, jina ambalo mwenye Kiswahili hawezi kulisikia bila kutabasamu. Sijui kama aliyelichagua alijua kwamba moja huuzima mwingine, lakini kwa yaliyofuata, jina lilifaa.

Katika kambi ya Samburu, mgawanyiko ulijitokeza mapema kwa misingi ya umri. Vijana wanne, wakiongozwa na Silas Gaither, walijitenga na wazee wanne. Kura ya kwanza ya kambi hiyo ilipopigwa, ilikuwa nne kwa nne. Ikabidi sare ivunjwe kwa maswali kuhusu maisha ya nyikani, na mzee Carl Bilancione, ambaye ni daktari wa meno, akaenda nyumbani. Linda Spencer akafuata. Vijana wakawa wengi, na Silas akawa mfalme wa boma.

Hapo ndipo waandalizi walipofanya jambo ambalo halikuwahi kufanywa katika awamu mbili zilizotangulia. Kila kambi ikiwa imebaki na watu sita, iliamriwa itoe watatu, nao wakabadilishana kambi papo hapo bila kupewa nafasi ya kurudi kupanga mambo. Silas alijikuta Boran pamoja na Frank Garrison na Teresa Cooper, wale wale wazee aliokuwa akiwahesabia siku.

Wenyeji wao, Ethan Zohn, Clarence Black na Kim Johnson, hawakukawia kuuona mwanya. Frank na Teresa hawakuwa na deni lolote kwa Silas. Kambi hiyo ikaamua kushindwa kwa makusudi katika mchezo wa kinga, ili ipate fursa ya kwenda barazani na kumwondoa. Mtu aliyekuwa na wingi wa kura akaondoka kwa sababu wingi wake ulikuwa umeachwa upande wa pili wa mto. Kwa maneno mengine, nguvu yake ilitegemea mpaka wa kambi, na mpaka uliposogezwa hakubaki na kitu.

Wanasiasa wetu wanaijua hesabu hii vyema. Gilgil yenyewe haikuwa na mbunge wake hadi uchaguzi wa 2013, ilipomegwa kutoka Naivasha baada ya mipaka kuchorwa upya. Kila mpaka unapochorwa, kuna anayeamka akiwa mwenyeji na mwingine anayeamka akiwa mgeni, ilhali hakuna aliyehama nyumba.

Kisa cha pili kinamhusu Lex van den Berghe, ambaye baada ya kambi kuunganishwa alikuwa ndiye mpangaji mkuu wa mikakati ya Boran. Katika baraza la kwanza la pamoja, aliyeondolewa alikuwa Clarence, mtu aliyeshukiwa na wenzake tangu siku za mwanzo alipofungua kopo la maharagwe wenzake wakiwa hawapo. Hata hivyo, kura zilipohesabiwa, moja ilikuwa na jina la Lex.

Kura moja tu! Haikumdhuru kwa lolote. Lakini Lex hakulala. Alimshuku Kelly Goldsmith, mwenzake wa Boran tangu siku ya kwanza, akaanza kukusanya kura za kumng'oa. Kelly alipobaini anawindwa, alitafuta hifadhi kwa mabaki ya Samburu, na kwa muda ilionekana kwamba Lex ndiye atakayeondoka. Mizani ilishikwa na kijana Brandon Quinton wa Samburu, aliyeamua kupiga kura pamoja na Boran. Kelly akaenda.

Aliyepiga kura ile alikuwa Teresa. Kelly hakuwa na hatia yoyote. Na Brandon, aliyewaokoa mahasimu wake, ndiye aliyeondolewa katika baraza lililofuata.

Mambo mawili yanajitokeza hapa. La kwanza ni kwamba muungano huvunjwa na shaka kabla haujavunjwa na usaliti. La pili linahusu watu kama Brandon, wanaodhani kwamba kura ya dharura waliyoitoa imewanunulia nafasi ya kudumu. Upande uliofaidika ulimwona kama mtu aliyekwisha kuwageuka wenzake mara moja, na kwa hiyo angeweza kugeuka tena. Wale wanaohama vyama vyao kila baada ya miaka mitano wakitarajia kukaribishwa kwa ngoma wangefaa kumtazama kijana huyo uso wake siku ile alipotimuliwa.

Twende sasa kwenye siku za mwisho. Walibaki wanne: Ethan, Lex, Tom Buchanan na Kim Johnson, mwalimu mstaafu kutoka New York ambaye hakuna aliyemhofia. Kim alishinda kinga mara mbili mfululizo. Tom akaondoka. Kisha Kim akawa na mamlaka peke yake ya kuchagua nani aende naye mbele ya waamuzi.

Alimtimua Lex na kumchukua Ethan. Ethan akashinda kwa kura tano dhidi ya mbili.

Kwa maoni yangu, hapo Kim aliipoteza dola milioni 1 kwa mkono wake mwenyewe. Jopo lilikuwa limejaa watu waliotimuliwa kwa mipango ya Lex. Kelly alikuwa ameketi pale. Brandon vilevile. Mbele ya waamuzi kama hao, Lex angekuwa mshindani dhaifu. Ethan kwa upande wake alikuwa ndani ya kila mpango ila jina lake halikutajwa katika lawama. Alikuwa mwanakandanda aliyewahi kucheza Zimbabwe, mcheshi, na hasira za waliotoka hazikumfikia.

Hii ndiyo kanuni tuliyosema tutairejelea. Katika mchezo huu, unayemfukuza leo ndiye atakayeamua kesho kama unastahili kutuzwa. Kumtoa mtu hakutoshi. Namna unavyomtoa nayo huhesabiwa.

Vipindi vingine havina kanuni hiyo. Katika Big Brother Africa, ambako Mtanzania Mwisho Mwampamba alimaliza wa pili mwaka 2003 na mwenzake Richard Bezuidenhout akashinda 2007, hatima ya mshiriki ilikuwa mikononi mwa watazamaji wa nchi mbalimbali. Humo ungeweza kumkosea mwenzako wa chumba na bado ukapendwa Dar es Salaam. Shaba hapakuwa na njia ya aina hiyo.

Siasa za Kenya, ukizichunguza, zinafanana na Shaba. Mwaka 2002, Mwai Kibaki aliingia Ikulu kwa muungano wa NARC, ambao ndani yake kulikuwa na mkataba wa maelewano kati ya chama chake cha NAK na kundi la LDP la Raila Odinga. LDP ililalamika kwamba mkataba huo ulipuuzwa. Waliohisi kutupwa waliketi jopo Novemba 21, 2005, katika kura ya maamuzi kuhusu katiba, na Ndizi ya serikali ikaangushwa na Chungwa.

Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila walisalimiana katika ngazi za Jumba la Harambee. Salamu hiyo ilikuwa kama ile amri ya kubadilishana kambi. Asubuhi yake William Ruto, aliyekuwa Naibu Rais, alijikuta katika boma ambalo hakulijenga. Tofauti yake na Silas ni kwamba Ruto alipata muda, miaka minne na ushei, wa kuwaendea wapiga kura wa Mlima Kenya na Bonde la Ufa mmoja mmoja. Agosti 2022 walimpa ushindi, Kaunti ya Nakuru ikiwemo.

Oktoba 2024, zamu ilikuwa ya Rigathi Gachagua. Bunge la Seneti lilimwondoa katika wadhifa wa Naibu wa Rais, miezi michache baada ya wandani wa Raila kama vile John Mbadi na Hassan Joho kuingia katika Baraza la Mawaziri. Mei 2025, Gachagua alizindua chama chake cha DCP. Raila aliaga dunia Oktoba 2025, na pamoja naye ikaondoka nguzo ambayo karibu kila muungano tangu 2002 ulijengwa kwa kuitegemea au kuipinga.

Kuna mahali ambapo ulinganisho huu unakwama, na Gilgil ni shahidi. Mji huu upo katikati ya Naivasha na Nakuru. Januari 2008, miungano ya 2007 ilipogeuka kuwa uadui, watu waliuawa katika miji hiyo miwili, na maelfu wakapita barabara hii wakiwa na magodoro juu ya malori. Silas alipopoteza mchezo alipanda ndege akarudi kwao. Mkazi wa Mbaruk au Elementaita anayeitwa mgeni katika shamba lake hana ndege ya kupanda.

Wala si kweli kwamba kuchanganywa kwa amri lazima kuzae njama. Hapa Gilgil kipo chuo cha mafunzo cha Huduma ya Vijana kwa Taifa, shirika lililoanzishwa 1964. Kuruta kutoka Isiolo na kuruta kutoka Maralal hulala bweni moja, hushika jembe moja, na hakuna baraza la usiku la kumtoa yeyote kwa sababu ya alikotoka. Waborana na Wasamburu halisi wamekuwa wakibadilishana kambi hapa muda mrefu kabla ya kamera kufika Shaba.

Ethan naye alipata Wamba, Samburu, jambo ambalo halikuwa katika kanuni za mchezo. Nje ya hospitali ya mji huo alicheza na watoto kwa kijimpira chake kidogo, kisha akaelezwa kwamba walikuwa wakiishi na virusi vya ukimwi. Sehemu ya tuzo yake aliitumia mwaka 2002 kusaidia kuanzisha Grassroot Soccer, shirika linalotumia kandanda kuwaelimisha vijana kuhusu ugonjwa huo.

Kwa wanaopanga kura za Gilgil za 2027, kazi ya kwanza si kuhesabu waliomo ndani ya boma. Wadi ni tano: Gilgil, Elementaita, Mbaruk/Eburu, Malewa Magharibi na Murindati. Katika kila mojawapo wamo waliompigia Uhuru 2017, wakampigia Ruto 2022, na waliomwona Gachagua akitolewa 2024. Wengine wanasema alistahili, wengine wanasema aliyetolewa ni wao. Hao wa pili tayari wameketi katika viti vya jopo, na hadi sasa hawajaulizwa swali hata moja.