Mfalme avaa suruali, baba mdogo ajifanya mgonjwa!

Wewe unayelisoma gazeti hili kwa kuchungulia begani kwa mwenzako ndani ya daladala, wiki ijayo nunua la kwako.

Leo tuongee suruali. Ndiyo, hiyo hiyo uliyoivaa. Nimechoka kuwasikia wazee wetu wakiwakoromea vijana kuhusu mavazi. Kijana akipiga jinzi, kaiga. Dada akivaa suruali ndiyo balaa kabisa, kaacha mila. Lakini huyo anayefoka, hebu mtazame kuanzia kiunoni kwenda chini. Naye kapiga suruali, tena ya kitambaa, imenyooshwa mkunjo kama wembe!

Sasa tuulizane kistaarabu, vazi hili ni la nani? Hata neno lenyewe ni la kukopa. Tumelipata kwa Waarabu wanaosema sirwal, nao walilitoa kwa Waajemi. Ukizidi kulifuata vazi lenyewe nyuma, utajikuta umetokeza kwenye nyika za Asia ya kati, kwa wafugaji wa kuhamahama waliokuwa wakiishi juu ya mgongo wa farasi.

Suruali kongwe kuliko zote zinazojulikana zilifukuliwa kwenye makaburi ya Yanghai, karibu na mji wa Turfan, sehemu ambayo leo ni kaskazini-magharibi mwa China. Zina umri wa miaka 3000 hivi. Ni za sufu, na waliozikwa nazo walikuwa na silaha na vifaa vya kupandia farasi. Fundi wake alikuwa bingwa, si mchezo. Hakukata kitambaa kwa mkasi. Alifuma vipande vitatu kwa vipimo vya mwenyewe, viwili vya miguu na kimoja kipana cha katikati, ili mtu atanue mapaja farasini bila kuchanika. Kwa nini ajisumbue hivyo? Jaribu kupanda farasi na kanzu mwendo wa siku nzima, halafu uniambie hali ya mapaja yako!

Wachina wa zamani hawakuwa na habari hiyo. Waheshimiwa wao walivaa majoho marefu ya kuzungushia mwilini, mikono mipana, kiunoni mshipi. Vitani walikwenda kwa magari ya kukokotwa na farasi. Na hata hayo magari hayakuanzia kwao. Yalitokea upande wa nyika yakaingia China miaka kama 1200 kabla ya Kristo, enzi za utawala wa Shang. Mwaka 1976 lilifukuliwa kaburi la Fu Hao, mke wa mfalme wa Shang na mwanamke aliyeongoza majeshi. Ndani yake walikuta vioo vinne vya shaba na visu vya mtindo wa watu wa kaskazini. Kwa hiyo mama mkubwa alikuwa na vitu vya ng'ambo chumbani mwake tangu zamani hizo, na hakuna aliyemwambia kaacha mila.

Kasheshe yenyewe ikaja mwaka 307 kabla ya Kristo. Wakati huo China haikuwa nchi moja, zilikuwa falme zinazotafunana. Mmoja ulikuwa Zhao, makao yake Handan, na mfalme wake aliitwa Wuling. Kaskazini kapakana na wapanda farasi wa nyika. Katikati ya nchi yake, kama mfupa uliokwama kooni, kuna dola la Zhongshan, ambalo liliwahi hata kuuzingira mji wake mmoja kwa kuuelekezea maji ya mto. Magari yake ya vita yalikuwa mazuri tambarare, lakini milimani yalikuwa mzigo. Wapanda farasi wanapiga mishale huku wanakimbia, yeye bado anageuza gari!

Wuling akakata shauri kwamba jeshi lake litajifunza kupiga upinde juu ya farasi, na litavaa kama wale watu wa nyika, yaani suruali, koti fupi na mkanda. Na yeye mwenyewe ataanza, tena barazani, mbele ya wakubwa wote.

Kinachonifurahisha ni kwamba mfalme mzima aliona aibu. Mwanahistoria Sima Qian, aliyeishi miaka kama 200 baadaye, ameandika kuwa Wuling alimwambia mshauri wake kuwa anaogopa dunia itamcheka. Mshauri akamtia moyo kwamba anayesitasita hafiki popote.

Aliyegoma alikuwa baba yake mdogo, Gongzi Cheng. Mzee akatuma ujumbe kuwa anaumwa, hawezi kuja barazani. Ugonjwa gani? Ugonjwa wa suruali! Hoja yake ilikuwa kwamba China ndiyo kitovu cha ustaarabu na wageni ndio huja kujifunza kwao. Iweje leo mfalme avae kama washenzi wa mpakani? Ukimsikiliza utadhani ni yule mzee wa mtaani kwenu.

Mfalme angeweza kumtia ndani. Badala yake alikwenda mwenyewe nyumbani kwa mgonjwa, akakaa, akambembeleza kwa hoja. Akamweleza kuwa nguo imewekwa imfae mwenye kuivaa, na kwamba desturi hutofautiana toka mahali hadi mahali lakini shabaha ni moja. Akamkumbusha na ile aibu ya Zhongshan, kwamba wazee wao walikufa nayo rohoni bila kuilipiza. Hapo mzee akalainika. Akapewa suruali yake, na kesho yake akatinga barazani ameivaa. Ugonjwa kwisha!

Matokeo? Mwaka 296 kabla ya Kristo Zhao ikaimeza Zhongshan. Na suruali haikurudi tena nyikani.

Sasa msidhani mambo yalikwenda upande mmoja. Hariri ya China nayo ilipanda kaskazini. Kwenye makaburi ya barafu ya Pazyryk, milima ya Altai, mwaka 1949 ilifukuliwa nguo ya tandiko la farasi ya hariri ya Kichina iliyotariziwa ndege. Yaani watu wa nyika walimvalisha hariri hata farasi!

Baadaye wafugaji wa Xiongnu walipopata nguvu, mwaka 200 kabla ya Kristo walimzingira mfalme mkuu wa China siku saba. Ikabidi China iwe inawapelekea kila mwaka hariri, pombe na nafaka, pamoja na mabinti wa kuolewa. Na huko nako akatokea Gongzi Cheng wao, ila huyu alikuwa Mchina! Aliitwa Zhonghang Yue, towashi aliyelazimishwa kumsindikiza binti mmoja nyikani, akaamua kuhamia upande wa pili. Aliwaambia Xiongnu waachane na hariri. Wakiivaa wakapita nayo kwenye miiba, wataona itakavyochanika, ndipo wajue ngozi na sufu zao ni bora. Vyakula vya China watupe, wanywe maziwa yao.

Hapo ndipo ninapowataka mtulie, maana huyu simcheki kama ninavyomcheka yule mzee wa Handan. Zhao ilipokopa suruali ilikopa na ujuzi. Walijifunza kupanda, kulenga na kushona, kesho wakaweza wenyewe. Lakini hariri kutengenezwa kwake kulibaki China. Kila ilipochakaa ilibidi isubiriwe nyingine kutoka kwa yule yule jirani mnayepigana naye. Mtu anayesubiri zawadi ya kila mwaka huanza kuisikiliza sana sauti ya mtoaji.

Kwa hiyo, vijana wenzangu, atakayewaambia kuvaa cha mgeni ni kupotea, msimulieni habari ya Wuling. Wachina hawakuacha kuwa Wachina kwa sababu ya suruali. Ila na sisi tujiulize, kila tunapokopa, tumechukua vazi tu au tumechukua na ufundi? Kununua jinzi kila mtu anaweza. Nani kati yetu anaijua cherehani yake?

Mnataka kujua mwisho wa Wuling? Unasikitisha. Alimwachia ufalme mwanawe mdogo angali hai, mkubwa akakasirika. Mwaka 295 kabla ya Kristo yule mkubwa akaasi, akashindwa, akakimbilia kwenye kasri ya baba. Jeshi likaizingira, likamuua kijana, kisha wakubwa wa jeshi wakaogopa kwamba wakiondoka mzee atawaadhibu. Basi hawakuondoka. Wuling alibaki ndani peke yake, chakula kikaisha, akawa anatoa makinda ya ndege kwenye viota ale. Baada ya miezi kama mitatu akafa kwa njaa.

Mmoja wa viongozi wa jeshi hilo alikuwa nani? Gongzi Cheng, baba mdogo.

Suruali haikumuua mfalme, wapenzi. Ndugu ndio waliomuua. Tchao, tukutane wiki ijayo!