Miguu Tunayo, Resi Hatuna: Venye Kenya Inaachwa kwa Mataa kwa Baiskeli

Kama wewe huamka mangware ya Jumamosi, ama hiyo ndio saa yako ya kurudi keja, lazima umewahi kuwaona Thika Road. Mbogi ya wasee kumi ama kumi na tano, nguo zimewabana, taa nyekundu zinawaka nyuma ya viti, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine kama siafu. Pembeni yao lori la mchanga linawapita na honi juu. Saa mbili wako Thika wanapiga chai na mandazi, halafu wanageuza kurudi Nairobi.

Wengi wetu tukiwaona kwa dirisha ya mathree tunasema tu "hawa wasee wamechizi", kisha tunarudi kwa simu. Lakini kuna swali hatujawahi kuwauliza: hayo mazoezi yote ni ya resi gani?

Hapo ndio story inaanza kuwa chungu.

Jirani alituonyesha

Septemba 2025, Kigali iliandaa Mashindano ya Dunia ya baiskeli za barabarani. Mashindano haya yalianza 1921, wakati huo yakiwa ya maamateur, yaani wasee wasiolipwa. Ilichukua zaidi ya miaka 100 yafike Afrika, na yalipofika hayakuja kwetu. Shule za Kigali zilifungwa wiki nzima, barabara zikafungwa, watu wakajaa kwa milima wakipiga kelele kama ni Gor na Ingwe. Resi ya wanaume ilikuwa kilomita 267.5 za kupanda na kushuka. Tadej Pogačar wa Slovenia akabeba dhahabu, na ni wasee 30 pekee waliomaliza. Kwa wanawake, Magdeleine Vallieres wa Canada, ambaye wengi hawakuwa wamemweka kwa hesabu, akawashangaza wote.

Ukiangalia hiyo sherehe unaweza dhani Rwanda waliamka tu siku moja wakaomba, wakapewa. Zii. Tour du Rwanda ilianza 1988 ikiwa resi ndogo ya maamateur. 2009 ikaingia kwa kalenda ya UCI, shirikisho la baiskeli la dunia. 2012 Adrien Niyonshuti, mwendesha baiskeli wa milimani, akabeba bendera ya Rwanda kwa Olimpiki ya London. 2019 Tour du Rwanda ikapandishwa daraja. Kigali 2025 ilikuwa mavuno ya shamba lililolimwa zaidi ya miaka thelathini, na katikati ya hiyo miaka nchi ilipitia mambo mazito yale sote tunajua.

Eritrea mambo ni yale yale. Giro d'Eritrea ya kwanza ilikuwa 1946. Asmara baiskeli ni kama ball kwetu, watoto wanakua wakiona resi zikipita mtaani. Ndio maana Daniel Teklehaimanot alivaa jezi ya mfalme wa milima kwa Tour de France ya 2015, na Biniam Girmay akashinda hatua tatu kwa Tour ya 2024 na kurudi nyumbani na jezi ya kijani. Kabla yake hakuna Mwafrika mweusi aliyewahi kushinda hata hatua moja huko.

Sasa sisi. Nchi ya Kipchoge, nchi ya Faith Kipyegon, nchi yenye Iten iko juu mita 2,400 na mapafu ya kugawa. Mbona kwa baiskeli tunaonekana kama wageni?

Shida si mapafu

Kukimbia ni mchezo wa saa. Uko na ndula, uko na barabara ya murram, uko na stopuwachi. Ukipiga mita 10,000 kwa dakika 27, haijalishi unatoka kijiji gani, simu itaita tu. Saa haidanganyi na haikuulizi umeshiriki mbio ngapi.

Baiskeli haiko hivyo. Adui yako mkubwa barabarani ni upepo. Mkienda kasi, msee aliyejificha nyuma ya mwenzake anaweza kuokoa karibu theluthi moja ya nguvu zake. Ndio maana wanaenda kwa kundi, ile wanaita peletoni. Ndani ya hilo kundi tairi ya mbele yako na ya mwenzako zimeachana upana wa mkono. Lazima ujue nani wa kufuata, nani wa kuacha aende, kona unaingia upande gani, na lini ni saa ya kuchomoka. Hiyo elimu hakuna mlima wa Iten utakufunza ukiwa peke yako. Inafunzwa na resi, tena resi nyingi.

Mimi nilijifunza hii kwa njia mbaya. Kuna mwaka niliingia resi ya mtaa, kilomita 60, mizunguko kumi. Nilikuwa nimefanya mazoezi miezi minne, najiona simba. Mzunguko wa kwanza nikakaa mbele kabisa nikikata upepo kwa niaba ya kila mtu, nikidhani naongoza. Mzunguko wa tatu kijana mmoja wa kidato cha tatu akanipita akiwa amefunga mdomo, anapumua na pua. Dakika mbili baadaye nilikuwa peke yangu na mbuzi wa pembeni ya barabara. Huyo kijana hakuwa na miguu kunishinda. Alikuwa na resi ishirini kunishinda.

Sasa zidisha hiyo mara nchi nzima. Mnyarwanda na Mueritrea wanafika kwa resi kubwa wakiwa wamepigana kwa kundi tangu wakiwa watoto. Mkenya anafika akiwa na nguvu za ng'ombe na resi za kuhesabu kwa vidole. Kona ya kwanza anasukumwa nyuma, anatumia nguvu kurudi, anasukumwa tena. Kilomita ya mia moja amekwisha, halafu sisi huku kwa kochi tunasema hana kipaji.

Froome alitoka hapa, si ni?

Kila ukibonga kuhusu baiskeli Kenya lazima mtu ataje Chris Froome. Ni kweli, alizaliwa Nairobi 1985, na aliyemfunza kupanda ni David Kinjah, yule mzee wa rasta wa Kikuyu mwenye Safari Simbaz. Froome alivaa jezi ya Kenya kwa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Melbourne 2006. Baadaye akaanza kuwakilisha Uingereza, akashinda Tour de France mara nne: 2013, 2015, 2016 na 2017.

Lakini angalia vizuri alipitia wapi. Mwaka huo huo wa 2006, ili aingie Mashindano ya Dunia ya vijana kule Salzburg, ilibidi aandike email kwa jina la shirikisho na kujisajili mwenyewe. Akafika, resi ikaanza, na mara tu baada ya kuanza akagonga ofisa wa mashindano. Watu hucheka hiyo stori. Mimi naona msee aliyekuwa na miguu ya bingwa wa dunia na hakuwa na mfumo nyuma yake hata wa kumjazia fomu. Yeye alipata njia ya kutoka. Wale wengine waliokuwa wakipanda naye hapo Kikuyu hawakuwa na pasipoti mbili.

Na kabla useme ni mchezo wa wadosi, kumbuka Suleiman Kangangi, kijana wa Eldoret aliyewahi kubeba watu kwa baiskeli ya boda. 2017 alimaliza wa tatu kwa Tour du Rwanda yote. Akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyojengwa kwa wazo rahisi sana: peleka Waafrika kwa resi, na leta resi kwa Waafrika. Agosti 2022 alianguka kwa resi ya changarawe kule Vermont, Marekani, akafariki. Alikuwa na miaka 33. Sitadanganya kwamba resi ni salama. Lakini Sule mwenyewe alikuwa akipigania kitu kimoja, kwamba vijana wa hapa wapate mahali pa kushindana bila kulilia visa kwanza.

Glasgow na mlango uliofungwa

Sasa ongeza hii juu. Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Glasgow, Julai 23 hadi Agosti 2, 2026, imepunguzwa hadi michezo kumi ili kubana matumizi. Raga ya wachezaji saba imetolewa, kwa hivyo Shujaa nao wameguswa. Marathoni imetolewa. Na baiskeli za barabarani zimetolewa. Baiskeli iliyobaki ni ya ndani ya velodromu pekee.

Velodromu ni ile duara ya mbao, kawaida mita 250, kona zake zimesimama kama ukuta. Baiskeli yake haina breki na haina gia za kubadilisha. Pedali zinazunguka muda wote tairi inazunguka, hauwezi kupumzisha miguu. Misri wako nayo Cairo, Nigeria wako nayo Abuja, Afrika Kusini wako nayo. Kenya haina hata moja. Yaani mchezo ambao Froome alituwakilisha 2006, miaka 20 baadaye umebaki kwa aina ya kiwanja ambacho nchi yetu haijawahi kujenga.

Najua kitu unafikiria. Hospitali hazina dawa, nani atajenga duara ya mbao? Uko sawa. Mimi pia sitaki velodromu ya mabilioni itakayofunguliwa na mheshimiwa, halafu igeuke mahali pa kuanikia mahindi. Lakini resi za duara hazihitaji mbao. Uingereza na Trinidad wamekimbiza baiskeli kwa nyasi, kwa viwanja vya kawaida, miaka mingi. Uwanja wa shule wenye mistari ya mita 400 unatosha kuanza. Kijana akijua kukaa kwa gurudumu la mwenzake kwa nyasi, mbao zitamkuta ako tayari.

Kufunga barabara tunajua

Jambo la barabara ndilo linaniuma zaidi, kwa sababu hapo hakuna kisingizio cha pesa nyingi. Safari Rally iliporudi kwa ratiba ya dunia 2021, barabara za Naivasha zilifungwa na hakuna aliyekufa na njaa. Mei 2022, kabla hata ndai za kawaida kuanza kuitumia, Expressway ilikimbiwa marathoni. Kumbe kufunga barabara tunajua sana. Tunachagua tu nani tunamfungia. Siku za kawaida baiskeli haikubaliwi kwa hiyo Expressway. Na 2015 kaunti ya Nairobi ilipitisha sera iliyosema asilimia 20 ya bajeti ya ujenzi wa barabara iende kwa wanaotembea na wanaoendesha baiskeli. Wewe ukipita kwa njia ya baiskeli ya Thika Road leo utakutana na boda, kibanda cha smokie na gari limeegeshwa. Hapo ndipo tunataka bingwa wa dunia atoke.

Resi ya mzunguko mfupi, kilomita mbili hivi, haihitaji kufunga mji. Inahitaji Industrial Area, Jumapili, saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, wakati lori nyingi zimelala. Karao wachache, ambulensi moja, mafundi wawili, vijana wa mtaa wa kusimamia kona walipwe kitu. Fanya hivyo mara moja kila mwezi, Nairobi, Eldoret, Nakuru, Kisumu na Mombasa. Hizo ni resi 60 kwa mwaka. Kijana akishiriki hata 20, baada ya miaka mitatu anafika Tour du Rwanda akijua kona.

Na msikose kuweka resi ya black mamba, ile baiskeli nzito ya kubeba maziwa na makaa. Baiskeli ya bei ya juu ya resi inapita milioni moja za Kenya, na hakuna mtoto wa Kibera ama Kapsabet ataianza nayo. Lakini mshindi wa black mamba akiazimwa baiskeli ya kisasa kwa msimu mmoja, hapo umejenga ngazi. Bila hiyo ngazi mchezo utabaki wa wenye nazo, na wale wengine watashangilia kutoka kwa stejini. Wasichana nao wapewe resi yao kamili na zawadi sawa, wasiwekwe tu kwa dakika za mwisho watu wakianza kufunga tenti.

Rwanda hawakuanza na Pogačar. Walianza na resi ndogo ambayo dunia haikuwa na habari nayo, wakairudia mwaka baada ya mwaka. Sisi wasee tunao tayari. Jumamosi hii, saa kumi na moja asubuhi, watakuwa tena Thika Road na lori nyuma yao, wakijiandaa kwa resi ambayo hakuna mtu amewapangia.