Intakula Mpya na Sensa ya Rejeta Iliyosahauliwa

Miongoni mwa wapenda magari wa Nairobi na Dar es Salaam imeenea tamaa ya kuongeza nguvu za injini zenye tabo kwa kufunga intakula kubwa kuliko ile iliyotoka kiwandani. Tamaa yenyewe haina ubaya, na elimu iliyo nyuma yake ni sahihi. Tabo hushindilia hewa, nayo hewa ikishindiliwa hupata moto: hewa ya nyuzi 30 za sentigredi, ikifikishwa kwenye kanieneo maradufu ya ile ya angahewa, hutoka ikiwa imepita nyuzi 100. Hewa ya moto hubeba oksijeni haba, na huweza kuifanya petroli ilipuke kabla ya wakati wake. Intakula huipoza kabla haijaingia katika silinda. Lawama inastahili kuelekezwa kwingine, yaani kwenye yale yatendwayo mbele ya rejeta wakati wa kuifunga.

Aghalabu intakula mpya huwekwa nyuma ya bampa, mbele ya rejeta. Hata magari ambayo intakula yake ya asili hukaa juu ya injini, mathalani Subaru nyingi zenye tundu kwenye boneti, huhamishiwa huko. Ili nafasi ipatikane, rejeta husukumwa nyuma au huinamishwa, na mabomba ya hewa hupenyezwa pembeni mwake. Katika magari mengi, pembe ya chini ya rejeta ndiyo makazi ya swichi ya joto inayowasha feni, au ya sensa inayoipasha habari kompyuta ya injini. Ni kitu kidogo mno. Spana huteleza ikakipiga, bomba hukiegemea, na kibanio cha plagi yake, kilichokaushwa na joto la miaka mingi, hukatika kwa kuvutwa mara moja tu.

Tena hasara hiyo huja wakati mbaya kuliko wote. Intakula iliyowekwa mbele huziba sehemu ya upepo na kuipelekea rejeta hewa iliyokwisha kupashwa moto. Kwa hiyo feni huhitajika zaidi baada ya kazi kuliko kabla yake.

Swichi za feni ni za namna mbili. Ziko zinazofunga njia ya umeme joto linapozidi. Waya wake ukikatika, feni haizunguki kamwe, na mwenye gari hutambua hayo katika foleni, mvuke unapotoka chini ya boneti. Ziko nyingine zinazofungua njia joto linapozidi. Za namna hiyo, waya ukikatika, feni huzunguka mfululizo. Fundi asiyejua tofauti hii huweza kukaa siku nzima akiitafuta hitilafu mahali isipo.

Sensa ya kompyuta ina hila zaidi. Ukinzani wake hupungua kadiri joto linavyopanda: sensa ya aina iliyo ya kawaida ina omu zipatazo 2,500 kwenye nyuzi 20, na omu kama 300 tu kwenye nyuzi 80. Sasa fikiria waya uliorefushwa ili upite kando ya bomba jipya, ukaungwa kwa kusokotwa na kuzungushiwa utepe. Maji ya mvua yakiingia, kutu huongeza omu, tuseme 100. Kompyuta hudhani maji ni baridi kuliko yalivyo, na feni iliyopaswa kuanza kwenye nyuzi 95 hungoja hadi zipite 110. Hapo silinda hedi hupinda, gasketi huungua, na intakula ndiyo husingiziwa.

Dawa inayopendwa katika gereji nyingi ni kuiunga feni moja kwa moja ili izunguke daima. Dawa hiyo ni ya uvivu. Mota ya feni huchakaa upesi, na siku inapokufa hakuna chombo kitakachotoa taarifa. Kuing'oa thamostati, desturi nyingine iliyozoeleka, huifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi na kula mafuta bure.

Fundi mwenye kujali kazi yake huanzia kwenye rejeta. Huiacha injini ipoe kabisa, kwani maji yaliyo chini ya kanieneo ya kifuniko huweza kuunguza vibaya, hutenganisha betri, huikamata plagi yenyewe wala si waya, na sensa ikiwa njiani, huitoa mapema kwa spana ya kipimo chake na kuirudisha kwa washa mpya, bila kuikaza hata hesi za tangi la plastiki zikapasuka. Nafasi kati ya bomba na sensa haipimwi injini ikiwa imelala tu, kwa sababu injini huyumba juu ya mipira yake kila mafuta yanapokanyagwa. Waya ukiwa mfupi, huungwa kwa risasi na kufunikwa barabara.

Baada ya kujaza maji hutoa hewa iliyonaswa, maana sensa iliyo ndani ya povu la hewa haisemi kweli. Kisha injini huachwa ingurume mahali pamoja hadi feni ianze yenyewe, isimame yenyewe, na ianze tena. Mteja ana haki ya kusimama hapo na kulishuhudia jambo hilo kabla ya kutoa fedha yake.