Upako Hautakuonyesha Freti ya Nne

Leo nitaudhi watu kidogo, mnivumilie.

Kuna neno limezoeleka kwa madhabahu zetu. Kijana anapewa gitaa, anapiga nje ya wimbo ibada ya kwanza hadi ya pili, na ukimuuliza anakujibu, "Pasta, mimi hupiga kwa upako." Na sisi wazee tunasema amina. Tunaitikia uvivu!

Mimi nimejazwa Roho na nanena kwa lugha, kwa hivyo msinihesabu na wenye kudharau upako. Lakini hakuna dada hapa angempa fundi kitambaa cha harusi yake ashone kwa upako bila kupima.

Mtu ataniambia, "Lakini Daudi alipakwa mafuta kwanza." Kweli. Soma 1 Samweli 16 yote, usiishie mstari wa 13. Mtumishi wa Sauli alipomtaja Daudi kule mstari wa 18, alianza na ustadi wake wa kupiga kinubi. Hakuna mahali panaposema mafuta ya Samweli ndiyo yaliyofundisha vidole vyake. Na waimbaji wa hekalu walipopangwa, 1 Mambo ya Nyakati 25, walihesabiwa watu 288 waliofundishwa, na kwenye kura mwalimu alisimama pamoja na mwanafunzi. Mmeona? Hekalu lilikuwa na wanafunzi. Sisi tuna anayejua na anayefukuzwa.

Sasa wewe unayeanza, achana na solo za video kwanza. Gitaa lina nyuzi sita: kutoka ule mnene kabisa, E, A, D, G, B, E. Herufi za muziki ni saba tu, A hadi G, kisha zinarudi. Kutoka herufi moja hadi inayofuata unasogea freti mbili, isipokuwa B na C, halafu E na F. Hao wamekaa bega kwa bega. Basi hesabu kwenye ule uzi mnene: F iko freti ya 1, G ya 3, A ya 5, B ya 7, C ya 8, D ya 10, na E inarudi freti ya 12. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa uzi wa A. Dakika kumi kila siku, unataja jina kwa mdomo huku kidole kikigusa. Haihitaji spika wala stima. Ncha za vidole zitauma mwanzoni, ni kawaida, zitakomaa.

Kwa nini nasumbuka na herufi? Kwa sababu ya kinachotokea katikati ya kuabudu. Dada anaongoza wimbo kwa G. Mikono iko juu, na kuna mama kule nyuma amefiwa wiki hii, ndio ameanza kulia mbele za Mungu wake. Dada anapandisha nusu sauti. Aliyejifunza kulaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita pale freti ya 3 anasogeza mkono mzima hadi freti ya 4, basi. Aliyezoea umbo moja tu la G anasimama, anatafuta kapo mfukoni, anaibana, spika inakwaruza, na yule mama amefungua macho.

Halafu baada ya ibada tunakemea pepo wa kuvuruga sifa. Pepo gani? Kijana hajui shingo ya gitaa lake!

Na si kosa lake peke yake. Wazee wenzangu, gitaa linafungiwa ofisini Jumatatu hadi Jumamosi "lisiharibike." Mpigaji wa kukodi analipwa kila Jumapili, nauli na chakula juu, na watoto wetu wenyewe wanabeba spika. Seti ya nyuzi mpya tunaambiwa bajeti hairuhusu. George Mukabi wa Magharibi alipiga omutibo, kidole gumba kikishika besi na cha shahada kikibeba wimbo, na watu wakadhani ni magitaa mawili. Vidole kama hivyo vinatokana na mazoezi. Wa dunia wafanye mazoezi, na sisi tungoje kuwekewa mikono?

Kwa hivyo kuanzia wiki hii chumba cha vyombo kitakuwa wazi Jumanne na Alhamisi, saa kumi na moja jioni hadi saa moja. Mwalimu yupo. Akina mama pia mnakaribishwa, si kazi ya vijana wa kiume pekee. Ukiwa na gitaa lako beba, ukikosa utatumia la kanisa. Kata kucha za mkono wa kushoto kabla ya kuja, na kapo acheni nyumbani.