Tuzo za Wanafizikia Vijana na Swali la Mwanafunzi

Kila mwaka Shirikisho la Kimataifa la Fizikia huwatunuku wanafizikia ambao hawajapita miaka 8 ya utafiti tangu kupata shahada ya udaktari. Mshindi hupewa nishani, hati na Euro 1,000. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia, kilichoanzishwa na Abdus Salam wa Pakistani mjini Trieste, Italia, mwaka 1964, nacho kiliweka tuzo yake mwaka 1982 kwa ajili ya wanasayansi wa nchi zinazoendelea walio chini ya umri wa miaka 40. Nia ya tuzo hizi ni njema: kumtia moyo mtafiti kabla jina lake halijavuma.

Hata hivyo, yafaa mwalimu na mwanafunzi wa Kilwa au Lindi wajiulize: je, mwanafizikia huanzia kwenye udaktari? Maoni yangu ni kwamba hupatikana au hupotea mapema zaidi, naye hupotelea darasani.

Mfano tunao. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, alitia katika jokofu maziwa ya moto ya kutengenezea aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza sababu, aliambiwa kwamba amekosea. Baadaye alichekwa kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, wala si fizikia ya ulimwengu. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza Dakta Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kutoa mhadhara. Wanafunzi wenziwe walicheka. Osborne alikwenda kupima. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala pamoja, na jambo lile likaitwa athari ya Mpemba.

Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya Pauni 1,000 kwa maelezo bora ya athari hiyo, na majibu yaliyopokelewa yalizidi 20,000. Mjadala ungalipo: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 na Burridge na Linden hayakuithibitisha. Hilo halimpunguzii Mpemba heshima. Swali lililopimwa na walimwengu kwa zaidi ya nusu karne ni swali la fizikia, hata jibu likiwa bado.

Tugeuke sasa tuitazame pwani yetu. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na kampuni ya AGIP ya Italia. Ardhi ilikuwa yetu. Ujuzi wa kuichunguza ulitoka ng'ambo. Ikiwa hatutaki iwe hivyo daima, hatuna budi kuanza na vitu vilivyo karibu. Mti uliotiwa alama za sentimeta, saa na daftari vyatosha kupima bamvua na maji mafu kwa miezi mitatu na kuyalinganisha na umri wa mwezi. Mashamba ya chumvi yaweza kufundisha uvukizi, na barafu ya wavuvi yaweza kufundisha joto fiche kuliko mchoro wa ubaoni.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, kila shule iwe na daftari la maswali ambayo hayajajibiwa, na kila swali liandikwe pamoja na jina la mwulizaji. Pili, mwalimu asiyejua jibu asione haya kusema, "Tupime." Tatu, mashindano ya sayansi ya shule yatoe alama kwa swali jema na kwa vipimo vya kweli, hata pale ambapo matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa.

Hayo hayagharimu fedha nyingi. Tuzo ya Trieste hutolewa kwa aliyekwisha fika. Aliye kidato cha tatu huko Kilwa Masoko ahitaji kwanza mtu wa kulichukua swali lake na kwenda nalo maabara.