Mzazi, Usiwe Hezekia

Hezekia aliwaonyesha wageni wa Babeli hazina yote ya nyumba yake. Isaya akamwambia mali itabebwa, na wanawe pia (2 Wafalme 20).

Mwaka 2023 Kamishna wa Data alitoza shule moja faini ya Sh4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Sheria imekupa wewe mzazi ufunguo wa mlango. Mbona hapa Isiolo unauacha wazi? Unaposti mtoto, jina lake, yunifomu na geti la shule, kisha unaomba ulinzi! Huo si ushuhuda, ni kumwelekeza mwizi. Futa picha hizo kwanza, halafu tupige magoti.